Samaki akifa hukakamaa, halegei: ndipo nilipoelewa ATP inafanya kazi gani

#1 Mwalimu wa Buswelu

Wakuu, mwangaluka.

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza. Mwezi uliopita nikiwa katikati ya somo la msuli na ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, kijana mmoja wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) alinyoosha mkono: "Mwalimu, ATP ikivunjika inatoa nishati, sawa. Sasa hiyo nishati inasukumaje? Na inajuaje mbele ni wapi?"

Nilimjibu vile nilivyojibiwa mimi enzi zangu, kwamba fosfeti ya tatu ikikatika nishati hutoka na protini hubadilika umbo. Akaandika, akakaa. Uso wake ulionyesha hajashiba, na kusema kweli hata mimi sikuwa nimeshiba.

Jumamosi yake nikashuka Mwaloni, Kirumba, kununua sato. Mama ninayenunua kwake siku zote alimshika samaki kichwani akamnyanyua. Samaki akabaki amenyooka hewani, mkia haukuinama hata kidogo. "Huyu bado mpya, mwalimu, tazama alivyokakamaa." Nimeyaona hayo tangu utoto na sikuwahi kujiuliza. Siku hiyo nilijiuliza. Samaki aliyekufa hapumui, kwa hiyo baada ya muda ATP inamwishia mwilini. Kama ATP ndiyo inayosukuma msuli, samaki aliyeishiwa nayo angelegea kama kamba iliyolowa. Mbona anakuwa mgumu kama ubao?

Kwenye msuli kuna nyuzi za aina mbili, aktini na mayosini. Vichwa vya mayosini hushika aktini na kuivuta, nyuzi zinapishana, msuli unafupika. Picha hii ya nyuzi kupishana ililetwa mwaka 1954 na makundi mawili kwa wakati mmoja, katika toleo moja la jarida la Nature: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na kando yao Hugh Huxley na Jean Hanson. (Huxley hao wawili si ndugu, wanafunzi huchanganya.) Sasa fuateni zamu ya ATP taratibu. ATP inaingia kwenye kichwa cha mayosini, na kichwa KINAACHIA aktini. Hakivuti, kinaachia. Kikiwa huru kinaikata ile ATP kuwa ADP (ile iliyobaki na fosfeti mbili) na fosfeti moja, na papo hapo kinajikunja kama mtego uliotegwa. Kinashika aktini mahali pengine. Fosfeti inatoka, mvuto unatokea. ADP nayo inatoka, na kichwa kinabaki kimeng'ang'ania, kinasubiri ATP nyingine ije kukifungua.

Samaki aliyekufa anasubiri ATP ambayo haiji. Vichwa vyote vimeshika na hakuna wa kuvifungua. Akija kulegea baadaye, si kwamba vichwa vimeachia. Ni nyama yenyewe imeanza kumeng'enywa na vimeng'enya vyake.

Nilirudi nyumbani na sato wangu nikakaa hadi usiku nasoma. Nikataka mota ndogo kuliko msuli, inayofanya kazi peke yake, ili nione kila hatua. Nikaikuta protini iitwayo kinesini. Iligunduliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, Marekani, kwenye neva nene za ngisi. Ina vichwa viwili ambavyo kwa kazi yake ni miguu, na miguu ndivyo nitakavyoviita. Inatembea juu ya mrija mwembamba uitwao mikrotubuli huku imebeba mzigo mgongoni. Hatua yake ni nanomita 8 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kila hatua inakula ATP moja. Kwa sekunde moja inapiga hatua kama 100. Ukiivuta nyuma kwa nguvu ya pikonyutoni 6 hivi, inakwama.

Kazi yake unaiishi sasa hivi. Neva inayofika kidole gumba cha mguu inaanzia kwenye uti wa mgongo, karibu mita nzima juu, na vitu vyake vingi vinatengenezwa huko juu. Vikiachwa visambae vyenyewe kwenye utomvu wa seli, kifuko kimoja kingechukua maelfu ya miaka kufika. Kinesini na wenzake wanakivusha milimita 200 hadi 400 kwa siku. Ni safari ya siku chache.

Ila kilichonikamata kuliko yote ni hiki. Kwa kipimo cha nanomita maji hayajatulia kamwe. Molekuli za maji zinaigonga kinesini kutoka kila upande, kila wakati, na nishati ya ATP moja ndani ya seli hai ni kama mara 20 hadi 25 tu ya mtikisiko huo. Tena hakuna kuserereka: bakteria akiacha kuzungusha mkia wake anasimama ndani ya umbali mdogo kuliko atomu moja. Kwa hiyo kinesini haitembei kama boti inayokata maji yaliyotulia. Inatembea kwenye tufani isiyoisha, na bado inafika.

Nimeanza kuamini kwamba tufani hiyo ndiyo inayoisogeza, na ATP kazi yake ni kufunga na kufungua milango ili isirudi nyuma. Naomba mnipinge au mniongezee.

#2 Fundi wa Mwaloni

Mwalimu, umeandika vitu vizito, nimesoma mara mbili. Mimi natengeneza injini za boti mwaka wa kumi na nane huu. Kwangu nishati ya kemia ni petroli: inalipuka, hewa inatanuka kwa joto, pistoni inasukumwa, shafti inazunguka. Sasa kwenye hiyo kinesini mlipuko uko wapi? Na joto linatolewa wapi? Injini isiyopoozwa inaungua.

#3 Mwalimu wa Buswelu

Fundi, hilo swali ndilo lililonitoa kwenye kosa langu la miaka yote. Hakuna mlipuko. Injini yako inaishi kwa tofauti ya joto: ndani ya silinda moto, nje baridi. Kitu chenye upana wa nanomita chache hakiwezi kushika tofauti hiyo, kwa sababu joto linasambaa kwenye maji kabla hata mguu haujanyanyuka. Kinesini na maji yaliyoizunguka vina joto lile lile wakati wote.

Inachofanya ni kubadilisha nani anamshika nani. Ikiwa na ATP inashika hivi, ikiwa na ADP inashika vile, ikiwa tupu inashika vingine. Na hasara yake ni ndogo kuliko ya mashine zako. Nanomita 8 mara pikonyutoni 6 ni 48. ATP moja ndani ya seli inatoa kama 80 hadi 100 kwa kipimo hicho hicho. Yaani inapokaribia kukwama kwa uzito wa mzigo, karibu nusu ya nishati inageuka kuwa kazi. Wewe unajua petroli ngapi inaishia kwenye joto na moshi.

#4 Mama Sato

Mwalimu, nimetumiwa uzi huu na mwanangu akaniambia mama umetajwa huku. Nimefurahi. Mimi shule niliishia la saba ila samaki nawajua.

Nina neno moja. Samaki hawakakamai sawa. Sangara aliyekaa kwenye nyavu usiku kucha anapigana, akitolewa anakuwa mgumu mapema sana. Aliyevuliwa haraka akauawa hapo hapo anachelewa. Wanunuzi wa viwandani wanalijua hili. Je, linaingia kwenye hayo maelezo yako?

#5 Mwalimu wa Buswelu

Linaingia moja kwa moja, mama, na shikamoo. Aliyepigana usiku kucha ametumia akiba ya sukari iliyo kwenye msuli. Akiba hiyo ndiyo inayoendelea kutengeneza ATP kwa muda hata baada ya kufa. Asiye na akiba anaishiwa mapema, vichwa vinang'ang'ania mapema. Wewe umeliona kwa macho kabla ya mimi kulisoma. Wabeja sana.

#6 Nyegezi Fizikia

Mwalimu shikamoo. Nasoma shahada ya fizikia na naomba nikupinge kidogo, maana hapo kwenye tufani kuna shimo ambalo wengi huanguka.

Ukisema tufani inasogeza na milango inazuia kurudi, umeelezea mgono. Samaki anaogelea huku na huku bila mpango, anaingia kwenye mdomo mpana, unabanana ndani, hatoki. Mwelekeo umepatikana bila kumsukuma. Picha nzuri. Lakini kama ingetosha, tusingehitaji ATP hata kidogo, tungechuma mwendo bure kutoka kwenye joto la maji, na kanuni ya pili ya thamodinamiki inakataa kabisa.

Shimo liko hapa: mlango wa mgono ni mkubwa, hautikisiki kwa joto. Mlango wa protini ni mdogo sawa na huyo "samaki". Tufani inayomgonga samaki inagonga na mlango. Mlango laini kiasi cha kufunguka kwa mtikisiko wa joto utafunguka pia wakati samaki yuko ndani, naye atatoka. Marian Smoluchowski alilisema mwaka 1912, na Richard Feynman akalirudia kwenye mihadhara yake ya miaka ya 60 kwa gurudumu la meno na kizuizi chake: kila kitu kikiwa kwenye joto moja, gurudumu linakwenda mbele na nyuma sawasawa.

Sasa niambie, ATP inaokoa vipi?

#7 Mwanakwetu wa Ukerewe

Naweka kambi hapa. Nasubiri jibu la #6.

#8 Mwalimu wa Buswelu

Marahaba mdogo wangu. Nimelala na swali lako siku mbili, ndiyo maana nimechelewa.

Nadhani kosa letu walimu ni kusema nishati "iko ndani" ya ATP, kama petroli ndani ya dumu. Fikiria ziwa letu Victoria. Maji yake hutoka kwenda mtoni kupitia Jinja, Uganda, na pale kwenye bwawa la Nalubaale, lililokamilika 1954, yanazungusha mitambo ya umeme. Yanazungusha kwa kuwa ziwa liko juu kuliko mto unaotoka. Ungeweza kuwa na maji yale yale, mengi vilevile, usawa wa pande zote mbili ukiwa mmoja, na mtambo usingezunguka. Nguvu iko kwenye tofauti ya kimo.

ATP ni hivyo hivyo. Seli hai inatunza ATP iwe nyingi kuliko inavyostahili mbele ya ADP na fosfeti, zaidi ya mara milioni mia kuliko ingekuwa vitu hivyo vingeachwa visawazike. Ukiweka kinesini kwenye maji ambamo ATP, ADP na fosfeti vimeshasawazika, ATP itakuwemo, milango itafunguka na kufungwa, miguu itanyanyuka. Na haitafika popote, kwa sababu kila hatua ya mbele italingana na hatua ya nyuma inayounganisha ADP na fosfeti kuwa ATP tena. Huo ndio mgono wako wenye mlango unaotikisika.

Seli ikiuweka usawa huo mbali, mlango unapata utaratibu. Ni rahisi mno ATP kuingia na ADP kutoka, ni vigumu mno kinyume chake. Mlango ukishafungwa nyuma yako haufunguki kwa njia ile ile.

Kuna jaribio moja lililonimaliza ubishi. Mwaka 2005 Nicholas Carter na Robert Cross, Uingereza, waliishika kinesini kwa mwanga wa leza na kuivuta nyuma kupita kiwango chake cha kukwama. Haikuchomoka tu ikaburuzwa. Ilitembea kinyumenyume, hatua kwa hatua, na kwa kila hatua ya nyuma bado ilihitaji ATP! Kama ATP ingekuwa msukumo wa kwenda mbele, hatua ya nyuma isingeihitaji. ATP inaruhusu mguu unyanyuke. Utatua wapi, hilo linaamuliwa na umbo la shingo inayounganisha miguu, njia, na mzigo unaovuta.

Wapo wanaopenda kusema kuna "pigo la nguvu", protini inajikunjua na kusukuma kama mkono. Kujikunjua kupo, kumepimwa, na kwenye mayosini ni kukubwa. Ila nikilazimika kuchagua neno moja la kumpa mwanafunzi, nitachagua "mlango" kabla ya "pigo".

#9 Nyegezi Fizikia

Nimekubali, mwalimu. Nilikuwa nasubiri useme usawazisho, umesema.

Niongeze kwamba mtambo wa Jinja una ndugu yake ndani ya seli: protini inayotengeneza hiyo ATP nayo inazunguka. Paul Boyer na John Walker walipata Nobel ya mwaka 1997 kwa kueleza inavyofanya kazi. Mwaka huo huo Wajapani, Noji, Yasuda, Yoshida na Kinosita, waliifunga ufito wa aktini unaong'aa wakaiona kwa hadubini ikizunguka yenyewe kwa kula ATP. Mwaka 2004 wakaizungusha kwa nguvu ya sumaku upande wa kinyume, ikatoa ATP. Mashine ile ile, ukiipa ATP inazunguka, ukiizungusha inakupa ATP. Mimi siku niliposoma hilo sikulala.

#10 Nesi wa Ziwani

Nimefuatilia kimya. Huku kwetu mwambao kichocho ni ugonjwa wa kila siku, na nimegundua mdudu wake anatumia mota hizi mara mbili. Yai likifika majini linaangua kiluwiluwi kilichofunikwa na vinyweleo vinavyopiga maji, na kila kinyweleo kinaendeshwa na dainini, ile mota aliyoitambua na kuipa jina Ian Gibbons miaka ya 60. Kinamtafuta konokono. Anayetoka kwenye konokono kuja kwenye ngozi zetu yeye ana mkia wa msuli, yaani mayosini ya mwalimu. Huyo hali chochote majini. Ana akiba ya sukari aliyotoka nayo, na ikiisha, kwa siku moja au mbili hivi, kazi yake imekwisha hata kama hajampata mtu. Nikiwaeleza akina mama wanaochota maji nitaanza kuwaambia hivyo: yule mdudu ana saa zake.

#11 Kidato Sita PCB

Shikamooni wote. Mimi ndiye niliyeuliza lile swali darasani. Mwalimu ametuonyesha uzi huu, na nimeruhusiwa simu nyumbani ndiyo naandika.

Nusu ya swali langu imejibiwa. Bado ile ya pili: inajuaje mbele ni wapi? Milango inazuia kurudi, sawa. Lakini nani aliyeamua upi ni mbele?

#12 Mwalimu wa Buswelu

Nilijua hutaliacha.

Kwanza, njia yenyewe ina uso na kisogo. Mikrotubuli imejengwa kwa vipande vya tubulini vilivyopangwa vyote vikitazama upande mmoja, kama vigae vya bati. Mguu ukitua unatua kwa mkao mmoja tu.

Pili, tazama hatua moja. Mguu wa mbele umeshika njia, hauna kitu ndani. ATP inaingia. Hapo kamba fupi ya shingo, iliyokuwa ikining'inia, inajibandika kwenye mwili wa mguu huo ikielekea mbele. Mguu wa nyuma umefungwa kwenye shingo hiyo hiyo, kwa hiyo sasa unaning'inia upande wa mbele. Tufani inauyumbisha huku na kule mpaka unagusa kiti kinachofuata, nanomita 16 kutoka ulipokuwa. Unaitema ADP, unashika. Mwili umesogea 8. Ule uliobaki nyuma sasa unakata ATP yake, unatoa fosfeti, unalegea, zamu inageuka. ATP haikuurusha mguu. Iliipinda shingo tu, tufani ikafanya zilizobaki.

Ushahidi kwamba shingo ndiyo inayoamua: nzi wa matunda ana mota iitwayo Ncd, ndugu wa kinesini, miguu inafanana mno, lakini inakwenda upande wa kinyume. Mwaka 1997 watafiti walichukua mguu wa Ncd wakaupandikiza kwenye shingo ya kinesini. Ukaenda upande wa kinesini. Na mwaka 2000 Sharyn Endow na Hideo Higuchi walibadilisha asidi amino MOJA kwenye Ncd, ikawa inakwenda pande zote mbili, mara huku, mara kule. Bado inakula ATP, ila haina tena mbele.

#13 Kidato Sita PCB

Kwa hiyo ATP inaamua kwamba itaondoka, na shingo inaamua inaondokea wapi?

#14 Mwalimu wa Buswelu

Ndiyo. Sina sentensi bora kuliko hiyo ya kukuandikia ubaoni.

#15 Fundi wa Mwaloni

Kwenye boti ni gia na usukani. Injini ikiwaka haikuambii unakwenda Ukerewe au Kamanga. Hapo nimeelewa kabisa.

#16 Mama Sato

Mwalimu, nimerudi. Mpwa wangu anafuga sato kwenye vizimba. Juzi alfajiri nilimwomba wawili, kizimba kimoja, ukubwa mmoja. Mmoja nilimwua papo hapo. Mwenzake nilimwacha ahangaike ndani ya boti hadi akatulia mwenyewe. Nikawalaza wote kivulini juu ya majani, bila barafu, na kila nikimaliza kupara beseni moja nakwenda kuwanyanyua kichwani.

Yule aliyehangaika alisimama mkia nikiwa beseni la pili. Aliyeuawa upesi niliendelea kumnyanyua analegea tu, nikapara, nikauza, jua likapanda. Alikuja kukakamaa wateja wa asubuhi walipokuwa wameshaondoka. Mwambie huyo kijana aje Jumamosi na daftari, nitamwekea wengine wawili aandike saa mwenyewe.

#17 Kidato Sita PCB

Nitakuja, mama. Saa ngapi boti zinafika?

#18 Mama Sato

Kumi na moja alfajiri. Usichelewe, sato hawasubiri.